Avoka Aliyeleta Sukari na Kitenge

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kola ya shati. Fundi alikuwa ameifumua na kuigeuza, upande uliochakaa ukaingia ndani, na uzi alioshonea ulikuwa mweupe kuliko shati lenyewe. Sura yake niliiona baadaye sana. Nilikuwa nimeinama nikigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga, jua la Baraka, mji wetu wa Kongo, likiniunguza mgongo, na nilipoinua macho yakafika kwenye kola ile yakaishia hapo. Mimi si mtu wa kumtazama mwanamume usoni.

"Dada Riziki ni wewe?" aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimeambiwa unajua Kibembe vizuri."

Nikaitikia tena kwa kichwa. Wanawake waliokuwa wakianika pamoja nami wakaanza kucheka.

"Mutanzania, utamungoja mpaka kesho!" alisema Mama Godelieve, jirani yetu. "Huyu hata kuku akiiba ndagala zake, anaona haya kumufukuza."

Walimwita Mutanzania kwa sababu alikulia kambini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kama cha redio. Jina lake Iddy. Alikuwa anasoma sheria Uvira. Tuliposogea mbali na wale wanawake, kola yake ikipanda na kushuka kwa kumeza mate, alinieleza kilichomleta. Kulikuwa na watu waliochanga fedha za kuwasaidia wanafunzi wa sheria wanaokubali kutumia likizo yao kuwahudumia wale wasioweza kumlipa avoka, yaani wakili. Msaada huo wanauita bourse. Yeye alikuwa amepewa wajane wa upande wetu wa Fizi, wale walionyang'anywa mashamba baada ya kuzika waume zao. Lakini wajane wengi ni watu wazima, uchungu wao unatoka kwa Kibembe, na Kibembe chake yeye kilipotelea kambini. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Mbembe kabisa, na nilizunguka vijiji vingi naye nikimbebea kikapu.

"Ni kazi tu, ya likizo hii," alisema. "Nitakuja na mkubwa wangu niwaombe wazazi wako. Sitaki walisikie kwa watu."

"Karibu," nikasema.

Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia. Nilirudi nyumbani na sikumweleza mtu. Kila nilipotaka kuanza, mama alikuwa na kazi, au baba alikuwa na wageni, au mimi mwenyewe nilikuwa na yangu.

Walikuja Alhamisi baada ya alasiri. Mkubwa wake alikuwa Maître Eugène, avoka mzee kutoka Uvira aliyesimamia ile bourse. Mkatoliki huyo hakuwa amewahi kuingia kwenye nyumba ya Waislamu kuomba kitu, na aliogopa kukosea. Basi akamuuliza muuza duka wa sokoni: ukienda na kijana kwa watu wenye binti, unabeba nini? Muuza duka akamtazama mzee, akamtazama kijana aliyepiga shati pasi, akafanya hesabu yake mwenyewe. Akawafungia sukari, majani ya chai, na kitenge cha mama mtu.

Kwetu, kijana akija na mzee, na sukari, na kitenge cha mama, hakuna anayeuliza kitu. Tena mgeni wa namna hiyo haachwi alitamke neno lenyewe, maana ni kumvua nguo. Mwenye nyumba ndiye anayemkinga. Kwa hiyo Maître Eugène alipokohoa tu ili aanze, baba yangu, Mzee Rashidi, alimwinulia mkono.

"Maître, musijisumbue. Tumeona na macho. Mutu mwenye heshima haulizwe amekuya kufanya nini."

"Asante sana, Mzee," alisema Maître Eugène, akafuta jasho. "Sikujua itakuwa rahisi hivi."

Nilikuwa jikoni. Nilimwona mama akikikunjua kitenge, akikipeleka mwangani, akikikunja tena. Kisha shangazi Hawa, dada yake baba, akaingia na kuchuchumaa mbele yangu. Huyo ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwauliza wasichana wa ukoo wetu.

"Riziki, mugeni ule umemuona. Unamutaka?"

Nikatazama makaa.

"Mi nauliza mara moja tu. Ukinyamaza, naenda kusema umekubali. Unajua njo desturi."

Nililijua hilo tangu utotoni. Msichana akisema hapana, ni hapana. Akinyamaza, ni ndiyo. Birika lilianza kuchemka na kifuniko kikawa kinacheza. Shangazi alingoja, simsingizii, alingoja kabisa. Halafu akainuka, na kabla hajafika mlangoni vigelegele vilishamtoka. Mama akadakia. Mama Godelieve akadakia kutoka ng'ambo ya ua, na nyumba ya nyuma wakadakia bila kujua ni nini.

Katikati ya kelele zile nikasikia sauti ya Iddy.

"Samahani. Mzee wangu, samahani sana. Hapa kuna kosa. Mimi nimekuja kwa ajili ya kazi tu."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, cha mwisho kikawa cha nyumba ya nyuma.

"Kazi," alisema baba.

"Kazi, Mzee. Kibembe."

Baba akasema, "Kitenge kirudi. Sukari tutakunywa, juu chai iko tayari."

Wakanywa chai ile. Mimi nililala chini jikoni, nimeziba uso na kanga. Lakini baba ni mtu wa ajabu. Wageni walipoaga alisema, "Kijana, mutu anayeweza kusema ukweli mbele ya vigelegele haiko mwizi. Mutoto ataenda kazi. Ila Hawa atamufuata mahali pote."

Mtaa mzima ulinionea huruma. Maskini Riziki, walisema, haya imemponza, alishindwa hata kumjibu shangazi yake. Niliwaacha waseme.

Ndivyo yalivyoanza majuma yale ambayo mpaka leo nikisikia harufu ya muhogo uliolowekwa narudi ndani yake. Alfajiri tulitoka Baraka kwa pikipiki mbili, Iddy mbele, mimi na shangazi Hawa nyuma, vumbi lake likiwa letu. Ziwa liliambatana nasi upande mmoja, milima upande mwingine. Iddy alikuwa akigeuka kila baada ya kona, kuona kama tupo.

"Huyu ataanguka," shangazi alisema. "Anachunga nini nyuma, mbuzi?"

Makobola ndiko tulikokaa zaidi. Mwanzoni Iddy alikutana na watu kwenye lubunga, kile kibanda wanaume wanamokaa kusikiliza mambo ya kijiji, na kule mashemeji walisema siku nzima na wajane wakakaa nje wakichora chini na vidole. Basi tukahamia pale wajane walipokuwa wakimenya muhogo. Iddy naye akaomba kisu. Alimenya vibaya, akawa anatupa nusu ya muhogo pamoja na ganda, na wanawake walicheka mpaka wakaanza kusema.

Mjane mmoja, Mama Pulchérie, shamba lake linaangalia ziwa. Shemeji zake waliing'oa mipaka juma lile lile la msiba. Alinieleza kwa Kibembe, kirefu, akimalizia kwa kunong'ona na kunigusa gotini.

"Amesema mpaka ulikuwa mti wa mwembe na jiwe jeupe," nikamwambia Iddy.

"Basi? Amesema muda wote huo, wewe umenipa mti na jiwe?"

"Mengine ni yangu na yeye."

"Riziki, mimi ndiye avoka wake."

"Haiko habari ya shamba."

Shangazi Hawa, ambaye Kibembe chake kilikuwa cha sokoni lakini kilitosha, alijifunika mdomo na kanga, mabega yakitikisika. Mama Pulchérie alikuwa ameniuliza kwa nini mume wangu anamenya muhogo kama anachinja nyoka.

Siku nyingine, tukingoja chifu, nilimuuliza. Ilinichukua nusu ya asubuhi kuliandaa swali.

"Benzako banaenda wapi, banaosoma na we?"

"Kolwezi. Lubumbashi. Kwenye kampuni za madini." Akatabasamu. "Wananiita avoka wa muhogo."

"Na haikuume?"

"Kambini mama yangu aliweka kidole gumba kwenye karatasi nyingi, Riziki. Hakuna aliyemsomea hata moja. Nilikuwa nimeshika upindo wa nguo yake, naona tu kile kidole kinavyopanguswa. Nikasema nikikua nitakuwa yule mtu wa kumsomea. Halafu nikakuta sheria inasomwa kwa fedha nyingi, na ukimaliza unatakiwa uzirudishe kwa kuwatumikia wenye fedha. Bourse hii ndiyo mlango pekee niliouona."

Siku ile, kwa mara ya kwanza, macho yangu yalipita kola yakapanda juu. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Naye alikuwa ananitazama, na hakuna kati yetu aliyeondoa macho mpaka chifu alipoita.

Mama Pulchérie alirudishiwa shamba lake kabla likizo haijaisha. Shemeji zake walikwenda wenyewe na chifu kusimamisha mipaka, wamenuna kama watoto walioogeshwa. Tukirudi siku hiyo, gurudumu la pikipiki yetu likapasuka kabla ya kufika Mboko. Dereva akaenda kutafuta wa kuziba. Shangazi Hawa akakaa juu ya jiwe, akaegemeza kichwa na kufumba macho. Iddy akaja kusimama karibu nami, si karibu sana.

"Siku ile kwenu nilisema nimekuja kwa kazi tu."

"Ulisema."

"Ilikuwa kweli siku ile."

"Najua."

"Si kweli tena, Riziki."

Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha upindo wa kanga yangu na nikaushika kwa mikono miwili, kana kwamba ungeniponyoka nami niruke.

"Sitaki unijibu," alisema. "Nataka tu ujue ninarudi chuoni nikiwa hivyo."

"Mi nalala," alisema shangazi Hawa, macho amefumba. "Sisikie kitu. Endeleeni."

Alirudi Uvira. Mwaka mzima alinipigia simu kila Ijumaa, na mimi nilikaa nyuma ya nyumba nimeibana simu sikioni. "Riziki," alikuwa akisema, "inite zangu za simu zinaisha nikisikiliza pumzi yako." Nilicheka. Hicho ndicho alichokipata kwangu, kicheko na pumzi, na kila Ijumaa alipiga tena.

Alipomaliza masomo, bourse nyingine ikamchagua, kubwa kuliko ile ya kwanza. Walikubali kumlipa kwa miaka miwili ili akae Kilembwe, ndani kabisa, mahali ambapo mtu akidhulumiwa hutembea siku nyingi kumtafuta wa kumsikiliza. Sharti lao lilikuwa moja: aishi hukohuko, asiwe wa kwenda na kurudi. Akatuma salamu kwa baba kupitia kwa Maître Eugène, kwamba anaomba kuja kuniposa kabla hajaondoka.

Baba alikataa palepale.

"Nyumba yangu haiko duka," alisema, "mutu anagusa kintu, anarudisha, kesho anakuya tena kukigusa."

Shangazi Hawa akambembeleza. Mama akapika aliyoyapenda. Mwishowe baba akasema waje, lakini kusikia si kukubali.

Walikuja Jumapili. Safari hii mama yake Iddy alikuwemo, mwanamke mwembamba aliyekaa mkekani amenyoosha mgongo, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja gari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mama.

"Mwaka jana ulikuya hapa," baba alianza. "Bamama bakapiga vigelegele. Ukasema hapana, jirani zangu bote banasikia. Ile haya niliikula mimi. Na leo?"

"Mzee wangu, siku ile nilisema ukweli. Na leo nasema ukweli."

"Ukweli wako uko na miguu, kijana."

"Ulitembea, Mzee. Ulitembea mpaka Makobola na kurudi."

Nilisikia shangazi akikohoa kuficha kicheko. Baba hakucheka.

"Baba Riziki, na mimi niseme," alisema mama yake Iddy. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo maana iliuma. "Huyu nilimsomesha kwa kuuza maandazi kambini. Sikatai, binti yenu ana heshima. Lakini aliacha shule darasa la tano. Huko Kilembwe watu wataleta mambo mazito mlangoni. Yeye atamsaidia nini mwanangu? Kunyamaza?"

Mkono wa mama ulinikamata kifundo cha mkono. Shule niliiacha yeye alipougua, mimi nikiwa mkubwa wa watoto, na tangu siku hiyo hajawahi kulisema jambo hilo wala mimi sijawahi.

"Mama," alisema Iddy, "bila yeye nisingemsikia hata mjane mmoja."

"Nilikuwa nazungumza na wakubwa."

"Mutoto wangu ananyamaza juu tulimufunza adabu!" Baba alipandisha sauti. "Mama Iddy, haukutoka kwako kuya kumupima hapa kama ndagala!"

"Wazee wangu, tafadhali," alisema Maître Eugène. "Kesho gari linaondoka. Asipofika Kilembwe, bourse atapewa mwingine na wale watu watangoja tena. Sisemi hivi kuwaharakisha."

"Unatuharakisha."

"Ndiyo, Mzee. Ninawaharakisha."

Kisha nikasikia vikuku vya shangazi Hawa akiinuka kuja kwangu.

"Hawa, kaa chini," alisema baba.

"Kaka, naenda kumuuliza. Njo desturi."

"Desturi ile ilikwisha kutupiga mara moja. Mwaka jana alinyamaza, tukasema amekubali, kumbe ni haya ya mutoto tu. Leo sichukue kimya. Mama ya kijana anasema mutoto wangu hana kinywa. Basi aingie yeye mwenyewe. Akisema mbele yetu bote kama anamutaka, namutoa leo, na hakuna atakayesema neno, hata mimi. Akinyamaza, kijana aende Kilembwe na amani, na hii habari isirudi tena hapa."

"Kaka, unamujua Riziki. Unamunyima kwa akili."

"Nimesema."

Mama aliniachia kifundo. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu pazia likinigusa uso, halafu sebule, na watu wakawa wengi kuliko walivyokuwa. Mama Godelieve alikuwa amejaa dirishani. Iddy alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imefumbatwa katikati ya magoti, na vidole vimekuwa vyeupe. Hakunitazama. Nilielewa kwamba hakutaka macho yake yanisukume.

"Haya," alisema baba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa imelegea. "Sema, mama."

Huniita mama ninapokuwa mgonjwa. Mama yake Iddy alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akageuza uso taratibu, kama mtu aliyekwisha kulipata jibu lake. Shangazi Hawa alikuwa akitikisa midomo, ananiombea, au anajaribu kunisemea.

Nikaona Iddy anaanza kuinuka. Alitaka kuniokoa, nilimjua. Alitaka kusema basi, mwacheni, nitaenda.

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa. Na watu wote wakageuka.

"Baba," nikasema, na sauti ilikuwa yangu, ndogo, lakini ilifika. "Mwaka jana mulisema nilinyamaza juu ya kuona haya. Haikukuwa haya. Nilijua amekuya kwa kazi, aliniambia yeye mwenyewe kule kwenye ndagala, na mi sikuwaambia. Shangazi alipouliza, nilinyamaza juu jibu lilikuwa ndiyo. Nilimutaka siku ile, yeye akiwa bado hanitaki. Na leo namutaka."